Hakuuawa na Moshi: Historia ya Moto Ndani ya Chumba Kilichofungwa

Juma lililopita nilipokea barua pepe kutoka kwa mwanafunzi wangu wa zamani ambaye sasa anaishi katika nchi yenye majira ya baridi kali. Alianza kwa "Shikamoo Mwalimu", kama nilivyomfundisha, kisha akauliza swali la msamiati: kifaa cha kupashia chumba joto kinaitwaje kwa Kiswahili? Jibu lake ni rahisi. Wengi husema hita, na sioni sababu ya kutafuta neno gumu pale ambapo watu wamekwisha kukubaliana na neno jepesi. Lakini sentensi aliyoitunga ili kulitumia neno hilo ilinifanya niache kazi nyingine zote. Aliandika hivi: "Nimenunua hita ya gesi ya propani, nimefunga madirisha yote ili joto lisitoke, na usiku ninalala vizuri kwa sababu gesi haina moshi."

Kisarufi sentensi hiyo haina dosari. Viambishi vimekaa mahali pake na kiunganishi kimetumika sawasawa. Hata hivyo, mtu anayeishi kama sentensi hiyo inavyosema anaweza asiamke siku moja. Nilimjibu papo hapo kwamba aizime hita kabla ya kulala na afungue dirisha, nikamwahidi maelezo marefu baadaye. Maelezo yenyewe ndiyo haya. Nimeyaweka katika sehemu ya Nchi Jirani kwa sababu hatari anayokabiliana nayo huko aliko ni ndugu wa hatari inayojulikana, au inayopaswa kujulikana, katika nyanda za juu za Tanzania na za majirani zetu karibu wote.

Mimi nilizaliwa katika nyanda za juu za kusini. Wageni hudhani kwamba Tanzania yote ni joto la pwani, lakini huko kwetu, mwezi wa Juni na Julai, kuna asubuhi ambazo majani huamka yakiwa meupe kwa sakitu, yaani umande ulioganda. Jioni tulikizunguka kijiko kidogo cha mkaa kama vifaranga. Mama alikuwa na desturi moja ambayo hakuivunja hata siku moja: kabla ya kulala alilitoa jiko nje, hata kama mkaa ulikuwa bado mwekundu na joto lake likali. Tulimlilia aliache. Jibu lake lilikuwa lile lile: "Moshi utatuua." Nikiwa mtoto nilishangaa, maana moshi haukuwapo. Moshi ulikuwa umekwisha saa nyingi kabla, wakati jiko lilipowashiwa uani.

Mama alikuwa sahihi katika tendo, na alikosea katika neno. Kosa hilo halikuwa lake peke yake. Hadi leo mtu akikutwa amefariki katika chumba chenye jiko, majirani na magazeti husema ameuawa na moshi wa jiko. Kwa hiyo aliyesikia habari hiyo huchukua tahadhari dhidi ya moshi: huwasha jiko nje, hungoja mpaka moshi uishe na mkaa uwe mwekundu kabisa, kisha hulibeba jiko na kuliingiza chumbani, akafunga mlango kwa amani ya moyo. Amefanya kila alichofundishwa na neno lile, na amejiingizia mauti ndani.

Jiko lenyewe limeenea katika eneo letu lote, nalo lina majina mengi kuliko nchi. Sisi na Wakenya twasema jiko, ingawa sisi tunalitia mkaa na wao wanalitia makaa. Ukivuka kwenda Uganda utalikuta likiitwa sigiri, jina lililotoka India. Nchini Rwanda na Burundi ni imbabura. Ukielekea kusini, Malawi na Zambia huliita mbaula, na huko mbali zaidi, Afrika Kusini, wasemaji wa Kizulu huliita imbawula. Mwanafunzi wa lugha ataona mara moja jinsi majina haya matatu ya mwisho yanavyofanana, kana kwamba chombo kilibebwa kutoka kijiji hadi kijiji pamoja na jina lake. Na popote pale lilipo na penye baridi, iwe Makete au Limuru, Kabale au Johannesburg, majira ya baridi huja na habari ile ile ya watu waliolala na jiko.

Mkaa unapowaka ukiwa na hewa ya kutosha hutoa hasa kaboni dayoksaidi, ambayo kwa Kiswahili tunaiita hewa ukaa. Lakini katikati ya rundo la mkaa mwekundu oksijeni haitoshi, na huko huzaliwa gesi nyingine, kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho wala koo. Msomaji aliyewahi kukaa mbele ya jiko usiku ameona vijiulimi vya moto wa buluu vikichezacheza juu ya mkaa. Huo ni mwali wa kaboni monoksaidi ikiungua. Sehemu ambayo haikuungua huingia chumbani. Kwa hiyo jiko lenye mkaa mwekundu usio na moshi halijaisha sumu. Huenda ndiyo kwanza linaitoa kwa wingi.

Nchini Kenya, katika miaka ya 1980, lilisambazwa jiko lililoboreshwa lenye kikombe cha udongo wa kuchomwa ndani ya bati. Lilipunguza sana matumizi ya mkaa na likaiga sehemu ya umbo la majiko ya Thailand. Ni kazi ya kusifiwa, na mafundi wa Nairobi waliifanya iwe yao. Lakini lilibuniwa ili kuokoa mkaa na fedha za mama wa nyumbani. Halikubuniwa ili mtu alale nalo, na hakuna jiko la mkaa lililobuniwa kwa ajili hiyo.

Kosa la jina ni la zamani mno. Katikati ya karne ya nne, Julian, aliyekuja kuwa kaisari wa Roma, alikaa majira ya baridi katika mji wa Lutetia, ambao leo ni Paris. Baridi ya mwaka huo ilizidi kawaida. Kwa kuwa alijivunia ugumu wa mwili wake, alikataa chumba chake kisipashwe moto, lakini mwishowe aliruhusu aletewe makaa machache. Akasinzia, kichwa kikawa kizito, akatolewa nje akiwa karibu kukata roho, na waganga wakamtapisha. Alipona, akaisimulia habari hiyo mwenyewe katika kitabu alichokiandika huko Antiokia mwaka 363. Na je, alilaumu nini? Alilaumu kuta. Aliamini kwamba joto lilikuwa limetoa unyevu kutoka katika kuta za chumba, na mvuke wake ndio uliomlevya.

Mrithi wake, Jovian, hakubahatika. Alikutwa amekufa chumbani mwezi wa Februari mwaka 364, akiwa safarini katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Mwanahistoria Ammianus Marcellinus aliandika sababu tatu zilizotajwa na watu: harufu ya chokaa mbichi iliyopakwa ukutani, mvuke wa makaa mengi yaliyowashwa, au tumbo lililoshiba kupita kiasi. Sababu ya kweli, kama wengi wanavyodhani leo, ilikuwamo katika orodha, lakini ilikaa kati ya nyingine mbili zilizoonekana kuwa na uzito ule ule.

Niruhusiwe kuruka karne nyingi, kwa kuwa kosa lile lile linatungoja upande wa pili. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Septemba mwaka 1902, mwandishi mashuhuri wa Ufaransa, Émile Zola, alilala nyumbani kwake Paris pamoja na mkewe Alexandrine. Moto ulikuwa umewashwa katika meko ya chumbani, lakini bomba la moshi lilikuwa limeziba. Usiku mke aliamka akiwa na kichwa kinachouma na kichefuchefu. Alitaka kuwaita watumishi. Zola akamzuia, akisema kwamba bila shaka ni chakula kilichowadhuru, na kwamba asubuhi watakuwa wazima. Kisha akainuka ili afungue dirisha, akaanguka. Asubuhi mlango ulipovunjwa, yeye alikuwa amekufa na mkewe amezimia. Mke alipona.

Naomba msomaji akae kidogo na usiku ule. Hapa palikuwa na mtu mwenye akili kubwa, aliyetumia maisha yake kuchunguza sababu za matukio ya wanadamu, na sumu ilikuwa imekwisha kuingia katika damu yake. Dalili zilikuwapo zote. Mkono wake ulikuwa unakwenda mahali panapostahili, dirishani. Kilichokosekana ni jina. Aliita chakula, na jina hilo likamfanya achelewe kwa dakika ambazo hakuwa nazo. Kwa kuwa Zola alikuwa na maadui wengi wa kisiasa kutokana na kumtetea Kapteni Dreyfus, baadaye zilivuma habari kwamba bomba lilizibwa makusudi. Uchunguzi wa wakati ule uliona ni ajali.

Hata hivyo, sayansi ilikuwa imekwisha kuijua sumu hiyo. Katika miaka ya 1850, mwanafiziolojia Mfaransa Claude Bernard alionyesha kwamba kaboni monoksaidi huishika damu na kuizuia isibebe oksijeni. Huko Uingereza, John Scott Haldane alifanya jambo ambalo mimi nisingethubutu: mwaka 1895 aliivuta gesi hiyo yeye mwenyewe, akapima damu yake na kuandika hali yake hatua kwa hatua. Mwaka uliofuata alichunguza maiti za wachimbaji wa makaa ya mawe waliofariki katika milipuko ya migodini, akagundua kwamba wengi hawakuuawa na mlipuko wala moto. Waliuawa na kaboni monoksaidi iliyobaki baada yake. Ni yeye aliyependekeza wachimbaji wabebe wanyama wadogo, ambao hulewa mapema kuliko binadamu, na hivyo ndege wa manjano waitwao kanari wakawa walinzi wa migodi ya Uingereza hadi miaka ya 1980.

Jambo la kushika katika kazi yao ni hili. Himoglobini, yaani ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, huivutia kaboni monoksaidi kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyovutia oksijeni. Kwa hiyo kiasi kidogo sana hewani, kikivutwa kwa saa nyingi, hujaza damu taratibu. Mtu aliyelala haamshwi na chochote. Mapafu yanapumua kama kawaida, kifua hakibani, ila damu inapita mwilini ikiwa imebeba mzigo usiofaa.

Hapa napenda kuvuka mpaka wa magharibi hadi Goma, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mji huo umejengwa chini ya volkano Nyiragongo, kando ya Ziwa Kivu, na katika mabonde madogo ya eneo hilo hutoka ardhini hewa ukaa inayojikusanya chini kama maji. Mbuzi akiingia humo hufa, na watu pia wamekufa. Wenyeji hawakungoja vipimo vya maabara. Waliipa jina: mazuku, ambalo wataalamu hulifasiri kama upepo mbaya. Jina hilo, kutoka Kiswahili cha majirani zetu, leo linatumiwa na wataalamu wa volkano ulimwenguni kote. Mtoto wa Goma akiambiwa kwamba bonde fulani lina mazuku anajua asiende, ingawa haoni kitu wala hanusi kitu.

Nimetaja mazuku kwa sababu mbili. Kwanza, wanafunzi huchanganya gesi hizi mbili. Mazuku ni hewa ukaa, nzito kuliko hewa ya kawaida, na kwa hiyo hukaa chini. Kaboni monoksaidi ya jikoni ina uzito unaokaribia sana ule wa hewa, huchanganyika nayo na kuenea chumba kizima. Kulala kitandani badala ya mkekani hakusaidii, wala kinyume chake. Pili, mazuku ni ushahidi kwamba lugha yetu inaweza kukitaja kisichoonekana inapotaka. Kwa gesi ya jikoni hatujafanya hivyo. Tuna istilahi ya kitabuni, ndefu na ngeni, na tuna neno moshi, ambalo linadanganya.

Sasa nirudi kwenye gesi ya mwanafunzi wangu. Propani ni mojawapo ya gesi zinazopatikana katika mafuta ya petroli na gesi asilia. Mmarekani Walter Snelling ndiye aliyeitambua mwanzoni mwa miaka ya 1910, alipokuwa akichunguza kwa nini petroli ya magari ilipotea hewani kwa kasi, na muda mfupi baadaye ikaanza kuuzwa ikiwa imeshindiliwa katika mitungi mpaka ikawa kimiminika. Gesi ya mitungi tunayoijua sisi, ya kilo sita au kilo 15, ni mchanganyiko wa propani na gesi nyingine iitwayo butani. Kwa asili yake haina harufu. Harufu ile inayotufanya tukimbilie kufunga mtungi imetiwa na binadamu.

Kuhusu harufu hiyo kuna kisa ambacho kila anayetumia gesi angepaswa kukijua. Mwaka 1937, shule moja katika mji wa New London, jimbo la Texas, ilikuwa ikipashwa joto na hita za gesi asilia zilizowekwa madarasani. Gesi ilivuja kwa siku kadhaa katika uwazi uliokuwa chini ya jengo. Haikuwa na harufu, na hakuna aliyejua. Tarehe 18 Machi, cheche kutoka katika mashine ya umeme ya kusugulia mbao iliiwasha. Karibu watu 300 walikufa, wengi wao wanafunzi. Wazo la kutia gesi harufu lilikuwapo kabla ya hapo, lakini baada ya msiba huo Texas ililifanya kuwa sheria, na desturi hiyo ikaenea duniani. Kemikali inayotiwa katika gesi ya mitungi, ethili merkaptani, inanuka kama kitunguu au kabeji iliyooza, na pua huitambua hata ikiwa kidogo mno.

Tendo hilo limeokoa watu wasiohesabika. Lakini, kwa maoni yangu, limetuachia pia imani potofu. Tumejifunza kwamba gesi mbaya hunuka, na kwamba pasipo harufu pana usalama. Harufu iliyotiwa hulinda dhidi ya gesi ambayo haijaungua, ile inayovuja. Ikishaungua katika hita, harufu nayo huungua. Kilichobaki ni hewa ukaa, mvuke wa maji na, oksijeni ikipungua au hita ikiwa mbovu, kaboni monoksaidi. Pua, ambayo imefundishwa kulinda mlango mmoja, haina habari na mlango wa pili.

Kwamba hita ya gesi huua hata mahali ambapo mkaa haujulikani, nchi ya Georgia ni ushahidi. Baada ya Umoja wa Kisovyeti kuvunjika mwaka 1991, mfumo wa kupasha joto majengo ya mijini kutoka mtambo mmoja uliporomoka. Wakazi wa Tbilisi wakalazimika kujitafutia moto, kila nyumba kivyake, kwa kuni, mafuta ya taa, na baadaye hita za gesi, katika vyumba ambavyo havikujengwa kwa ajili hiyo na ambavyo mara nyingi havikuwa na bomba la kutolea hewa chafu. Tarehe 3 Februari mwaka 2005 aliyekutwa amefariki katika chumba cha namna hiyo alikuwa Waziri Mkuu mwenyewe, Zurab Zhvania, pamoja na ofisa aliyekuwa naye. Serikali ilieleza kwamba ni kaboni monoksaidi kutoka katika hita ya gesi isiyopitisha hewa vizuri. Familia yake haikukubali, na mabishano yaliendelea miaka mingi. Ni kama kwa Zola: mtu wa siasa akiuawa na kitu kisichoacha alama machoni, watu hutafuta mkono uliofanya.

Kwetu mtungi wa gesi umeingia hasa kama chombo cha kupikia. Serikali ya Tanzania imejiwekea lengo kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia, na Kenya imewahi kuondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye gesi ya mitungi ili iwafikie wengi. Naunga mkono bila kusita, kwa ajili ya misitu na kwa ajili ya macho na mapafu ya akina mama. Lakini nimeona, tena katika nyumba za watu waliosoma, jiko la gesi likiachwa likiwaka usiku wa Julai ili lipashe chumba joto, mlango umefungwa na nguo zimeziba upenyo wa chini. Nikiuliza, naambiwa kwamba gesi ni safi, haina moshi. Ni sentensi ya mwanafunzi wangu, neno kwa neno.

Kuna tukio jingine linalonigusa zaidi kama mwalimu wa lugha. Mwezi wa Desemba mwaka 2006 dhoruba ya upepo ilikata umeme katika eneo la Seattle, kaskazini-magharibi mwa Marekani. Baridi ilipozidi, baadhi ya familia ziliingiza majiko ya mkaa ndani ya nyumba, na nyingine ziliwasha jenereta ndani au karibu na nyumba. Wengi wa waliodhurika walikuwa wahamiaji, wakiwemo Wasomali, jirani zake Wakenya. Jambo kama hilo lilikuwa limetokea huko huko katika dhoruba ya Januari 1993, na katika miaka ya 1990 serikali ya Marekani iliagiza mifuko ya mkaa iwe na onyo la picha ili hata asiyesoma Kiingereza alielewe. Mwaka 2006, gazeti la Seattle Times liliweka onyo katika ukurasa wake wa kwanza kwa lugha kadhaa, Kisomali kikiwa mojawapo.

Watu wale hawakuwa wajinga. Walitoka katika nyumba ambazo hewa hupita yenyewe, kwenye upenyo wa kuezeka, dirisha lisilo na kioo, mlango usiofika chini. Nyumba ya nchi ya baridi imezibwa kila tundu ili joto lisipotee, na iliyozuia joto lisitoke imezuia na sumu isitoke. Ujuzi walioufuata ulikuwa sahihi kwa nyumba walizoziacha. Na onyo la nyumba mpya lilikuwa limeandikwa, lakini kwa lugha ambayo hawakuisoma.

Ndipo nikaketi kumjibu mwanafunzi wangu kwa Kiswahili alichojifunza kwangu. Nilimwambia kwanza asome maandishi kwenye hita yake aone kama imetengenezwa kutumika ndani ya nyumba, kwa kuwa zipo zinazouzwa kwa ajili ya uani au maeneo ya ujenzi, na hizo zisiingie ndani kabisa. Zilizoruhusiwa ndani kwa kawaida huwa na kihisi kinachozima moto oksijeni inaposhuka hadi karibu asilimia 18, kutoka asilimia 21 ya kawaida. Kihisi hicho hupima oksijeni tu. Hakipimi sumu, na hakigeuzi chumba kilichozibwa kuwa salama. Dirisha liachwe wazi kwa kiasi kinachotajwa na mtengenezaji, hata kama ni kichekesho kupasha chumba joto na kufungua dirisha kwa wakati mmoja. Hita izimwe kabla ya kulala, bila udhuru. Ikae mbali na pazia na matandiko, angalau mita moja. Mtungi mkubwa ukae nje, na viungio vipimwe kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti. Propani inayovuja ni nzito, hutambaa sakafuni na kujikusanya penye bonde, kwa hiyo anayeinusa asiwashe wala asizime taa, bali atoke.

Nilimwambia pia atazame moto wenyewe. Mwali wa buluu uliotulia ni dalili njema. Ukigeuka wa njano na kuanza kuyumba, au vioo vikijaa matone ya maji kupita kawaida, chumba kinalalamika. Anunue king'ora cha kaboni monoksaidi na akiweke karibu na anapolala, kwa maana hicho ndicho pua ambayo hatukuzaliwa nayo. Na kama yeye na mwenzake wataumwa kichwa na kichefuchefu usiku mmoja, bila homa, na nafuu ikaja wanapotoka nje, wasiseme ni chakula. Watoke, wabaki nje, na waite msaada. Nilimweleza habari za Zola ili asilisahau hilo.

Baada ya siku tatu alijibu. Aliuliza kwanza kama "kupitisha hewa" na "kupunga hewa" ni jambo moja. Nilimweleza kwamba la kwanza hufanyiwa chumba, na la pili hufanywa na mtu anayetembea ufukweni jioni. Kisha akaniletea sentensi nyingine nimsahihishie: "Usiku nilizima hita, nikafungua dirisha kidogo, nikajifunika mablanketi matatu, na baridi ilikuwa kali sana." Sikupata kosa la kusahihisha, isipokuwa nilimkumbusha kwamba king'ora bado hakijatajwa.